Walicheka Nini? Kutoa Maoni ya Kweli kuhusu Vichekesho vya Wanafunzi

Kichekesho cha wanafunzi kikimalizika na makofi kutulia, aghalabu mwalimu husimama akasema: "Mmejaribu. Endeleeni vivyo hivyo." Maneno haya yamezoeleka mno shuleni mwetu hivi kwamba hakuna anayeyasikia tena. Hayamwambii mwigizaji jambo lolote analoweza kulifanyia kazi mazoezini kesho yake. Kiongozi wa kundi haondoki akijua ni sehemu ipi aiache ilivyo, ipi aikate, na ipi waiigize upya. Isitoshe, aliyefanya vyema na aliyeboronga wote "wamejaribu", kwa hivyo wote wamepewa alama moja.

Yuko pia mwalimu wa pili, yule anayejivunia kusema ukweli bila kupepesa macho: "Hamkuchekesha. Mlikuwa mnapiga kelele tu." Wengi humwona kuwa mkweli kuliko mwenzake. Kwa maoni yangu wamelingana. Hakuna aliyetaja mstari, tendo wala mahali. Wa kwanza amesifu bila ushahidi na wa pili amelaumu bila ushahidi, na mwanafunzi amebaki palepale, isipokuwa wa pili amemwachia kidonda.

Makala haya yanamlenga mwalimu wa Kiswahili anayelea chama cha drama, pamoja na mtahiniwa anayetarajiwa kuhakiki vichekesho katika Fasihi Simulizi. Hoja yangu ni kwamba kicheko kilichosikika ukumbini hakitoshi kuthibitisha ubora wa kichekesho, wala kimya kilichotanda hakitoshi kuthibitisha ubovu wake. Maoni ya kweli huanza kwa swali linaloonekana rahisi: walicheka nini?

UGUMU WA KUHAKIKI KICHEKO

Tanzia humpa mhakiki nafasi. Hadhira hutulia, pengine wachache hupangusa machozi, na baada ya onyesho kila mmoja yu tayari kusikia maoni. Kichekesho hakimpi mhakiki nafasi hiyo. Hadhira imekwisha kutoa hukumu, tena kwa sauti kubwa, kabla mwalimu hajafungua kinywa. Ukithubutu kutaja kasoro, jibu ni moja: "Lakini mwalimu, watu walicheka!"

Ni kweli walicheka. Lakini ni nani hao? Mwanafalsafa wa Ufaransa, Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko kilichochapishwa mwaka 1900, alieleza kwamba kicheko daima ni cha kundi. Humhitaji mwingine wa kukiitikia. Sasa kundi la ukumbi wa shule si kundi lolote tu. Ni wanafunzi wanaolala bweni moja na mwigizaji, wanaojua jina lake la utani, na waliokwisha kuusikia mzaha ule kwenye foleni ya chakula. Akitokea jukwaani amevaa koti la babake, wanaangua kicheko kabla hajatamka neno. Hicho ni kicheko cha urafiki. Ni kizuri, na hakuna haja ya kukionea haya, ila hakiwezi kupakiwa kwenye basi pamoja na maleba kikapelekwa katika tamasha za kaunti ndogo.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Tamasha za drama za shule nchini Kenya, zilizoanza mwaka 1959, huwapitisha wanafunzi katika ngazi kadhaa hadi ile ya kitaifa, na kadiri wanavyopanda ndivyo wanavyokutana na hadhira isiyowajua. Kundi lililofichwa ukweli nyumbani huja kuambiwa na kimya cha wageni, mbele ya shule nyingine, siku ambayo hakuna tena muda wa kurekebisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na katika hali hii anayelinywa tembo hilo hadharani ni mwanafunzi, si mwalimu aliyemsifu.

Tusisahau pia kwamba baadhi ya tamthilia za mwanzo kabisa za Kiswahili kuchapishwa zilitokana na maigizo ya wanafunzi. Nakupenda Lakini ya Henry Kuria, iliyochapishwa mwaka 1957, ilianza kama mchezo wa wanafunzi wa Alliance High School. Nalitaja hili kwa sababu baadhi yetu huchukulia vichekesho vya wanafunzi kuwa kitu cha kupitishia Jumamosi jioni, na mtu hawezi kukihakiki kwa dhati kitu anachokiona kuwa cha kupitishia wakati.

ISTILAHI TUNAZOZISAHAU UKUMBINI

Darasani tunafundisha dhihaka, kejeli, tashtiti, kinaya na chuku. Tunawataka wanafunzi wazitofautishe na kuzitolea mifano. Kisha pazia likifunguliwa tunazisahau zote na kubaki na maneno mawili, "nzuri" na "mbaya". Mathalan, tofauti kati ya ramsa na futuhi ni ya manufaa makubwa mazoezini. Futuhi huchekesha kwa matendo ya kupita kiasi: kuanguka, kufukuzana, mtu kudhaniwa kuwa mwingine. Haidai kina. Ramsa kwa upana wake huweza kutegemea zaidi tabia za wahusika na hali wanazojitia ndani yake. Ukiilaumu futuhi kwa kukosa falsafa umeionea. Lakini pia, wanafunzi wakikwambia kwamba wamekusudia kuwakejeli viongozi, nawe ukaridhika kwa sababu mmoja wao alianguka kiti na watu wakacheka, utakuwa umewadanganya.

Kwa hivyo kabla ya kutoa maoni yoyote, waulize waigizaji walikusudia nini. Waulize kabla ya onyesho ikiwezekana, kwani baada ya onyesho kila kilichochekesha hugeuka kuwa kilikusudiwa.

KICHEKESHO CHA HARAMBEE

Natunga mfano ili tuzungumze juu ya kitu kinachoshikika. Tuseme wanafunzi wa Kidato cha Pili wameandaa kichekesho cha dakika kumi. Kuna harambee ya kujenga zahanati. Mfawidhi anatangaza michango kwa mbwembwe. Mama mmoja ametoa kuku, naye mfawidhi anamnadi kuku huyo hadi bei yake inapita ya mbuzi. Katibu, ambaye ni mwenye kigugumizi, anasoma orodha ya wageni waalikwa na kukwama kwenye jina la mheshimiwa. Hatimaye mheshimiwa anaingia. Amefungiwa mto tumboni chini ya koti, na anazungumza kwa lafudhi nzito ya jamii fulani. Anahutubu kirefu. Anainua bahasha juu: "Mimi na marafiki zangu, shilingi laki mbili!" Vigelegele vinapigwa. Mheshimiwa anaondoka upesi kwa kuwa ana hafla nyingine. Mweka hazina anafungua bahasha. Ndani hamna pesa. Mna kadi ya kumwalika kila mmoja katika harambee nyingine, nyumbani kwa mheshimiwa, Jumamosi ijayo.

Ukumbi umecheka kwa nguvu mara nne: katibu alipokwama, mheshimiwa alipoanza kuzungumza kwa lafudhi ile, mfawidhi alipolichomeka jina la naibu wa mwalimu mkuu kati ya waliotoa shilingi kumi, na mto ulipoteremka hadi magotini. Kuku amepata kicheko cha wastani. Bahasha haikupata kitu. Walimu wawili waliokaa nyuma walitabasamu, basi.

Je, kichekesho hiki kilifaulu? Kwa kuhesabu vicheko, kilifaulu sana. Lakini tazama kilichotokea. Wazo bora kabisa katika igizo zima, wazo ambalo lingemchekesha mzazi wa Busia sawa na mzazi wa Taita, lilipita bila kuonekana. Na halikupita kwa sababu ni baya. Lilipita kwa sababu za kiufundi ambazo mtu aliyekuwa makini angeweza kuzitaja. Mweka hazina aliifungua bahasha akiwa ameipa hadhira mgongo. Mto ulikuwa umeteremka sekunde chache tu kabla, na ukumbi ulikuwa bado unacheka. Maneno yake yakazama katika kicheko hicho. Tena hakusema tu kilichomo. Alisema: "Jamani, kumbe hii ni kadi ya mwaliko wa harambee yake yeye mwenyewe, hawa viongozi wetu ni waongo na wanatudanganya kila siku." Neno lililofaa kuangusha kicheko likafunikwa na maelezo. Mzaha ukishaelezwa huwa umegeuzwa kuwa mawaidha.

Mwalimu wa kwanza angeyasema yale yale: mmejaribu. Wa pili angetaja kelele, maana mto na lafudhi vilimkera. Sikiliza sasa maoni ambayo kundi lingeweza kuyatumia:

"Kichekesho chenu kina wazo moja zuri sana, nalo ni bahasha. Aliyekuja kutoa ndiye anayeomba. Hicho ni kinaya cha hali, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye harambee atakitambua. Leo ukumbi haukukiona. Mweka hazina, ulitupa mgongo. Mheshimiwa, ulitoka huku mto unaanguka, kwa hivyo macho yote yalikufuata wewe. Sentensi ya mwisho nayo ilikuwa ndefu. Kesho jaribuni hivi: mheshimiwa atoke kabisa jukwaani. Kimya kiingie. Mweka hazina aitazame hadhira, aivute kadi polepole, asome maneno yaliyoandikwa, kisha anyamaze. Asieleze kitu. Tukiona bado hawacheki, tutajua kasoro iko kwingine."

Mwalimu huyu ametaja mahali, ametaja mtu kwa nafasi yake katika igizo wala si kwa jina lake la darasani, na ametoa jambo la kujaribiwa. Amesifu pia, ila sifa yake imeelekezwa kwenye bahasha. Wengi hudhani kwamba ugumu wa kuhakiki uko katika kulaumu. Mimi naona kusifu ndiko kugumu zaidi, kwa sababu sifa ya kweli hudai mtu awe ametazama. Kulaumu mtu anaweza kulaumu hata kama alikuwa nje akiongea kwa simu.

Kuhusu kile kimya. Waigizaji wapya huogopa kimya kuliko chochote kingine jukwaani, na ndiyo maana huharakisha. Kicheko huja kama wimbi: hupanda, hufika kileleni, huanza kushuka. Anayesema mstari unaofuata wakati wimbi linapanda huupoteza mstari huo, na mara nyingi hukikata kicheko chenyewe kwa kuwa hadhira hunyamaza ili imsikie. Anayesubiri hadi ukumbi unyamaze kabisa naye huwa amechelewa, igizo limepoa. Mahali pake ni pale wimbi linapoanza kushuka. Hili linafundishika. Waketishe wanafunzi kumi, wacheke kwa amri yako, wakipandisha na kushusha sauti, huku mwigizaji akijifunza mahali pa kuingilia. Watalifurahia zoezi, na katika nusu saa utakuwa umewafunza jambo ambalo maneno "harakisha kidogo" au "punguza kasi" hayangewafunza kwa muhula mzima.

DAFTARI LA MTAZAMAJI

Huwezi kutoa maoni kama hayo kwa kutegemea kumbukumbu. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kilichosemwa au kutendwa, kwa maneno machache. Kulia andika ilichofanya hadhira. "Kuku, bei ya mbuzi: walicheka, wasichana zaidi." "Bahasha: kimya, bado mto." Usiandike maoni yako wakati huo. Ukianza kuandika kwamba mweka hazina ni dhaifu, utakosa kuona anachokifanya dakika inayofuata.

Ukipata mwalimu mwenzako wa kukusaidia, mmoja wenu atazame jukwaa na mwingine aitazame hadhira pekee. Mtashangaa jinsi taarifa zenu zitakavyotofautiana. Anayeitazama hadhira ndiye atakayekuona ni nani hakucheka, na hilo ni jambo ambalo mwigizaji hawezi kuliona akiwa chini ya mwanga wa jukwaa.

LAFUDHI NA MAUMBILE

Turudi kwa mheshimiwa na lafudhi yake. Mwanafunzi aliyeigiza atakwambia kwamba wachekeshaji wote wa runinga hufanya hivyo. Ana sababu ya kusema hivyo. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alijulikana na Wakenya wengi kama Mzee Ojwang' wa Vitimbi katika KBC, na alimwigiza mhusika huyo kwa lafudhi ya Kijaluo ilhali yeye mwenyewe hakuwa Mjaluo. Lakini waliompenda Ojwang' walipenda mengi: hasira zake za ghafla, majivuno ya mwenye nyumba, na jinsi alivyokabiliana na Mama Kayai. Mvue Ojwang' lafudhi, bado ana mwili wa kusimama. Hiki ndicho kipimo ninachopendekeza utumie na wanafunzi. Waambie warudie tukio zima kwa Kiswahili cha kawaida. Mhusika akibaki na tabia, azma na udhaifu wake, lafudhi ilikuwa pambo na wanaweza kujadili kama inafaa kuwepo. Asipobaki na kitu, hawakuwa na mhusika. Walikuwa na lafudhi iliyovaa koti.

Katika mfano wetu upo ubaya mwingine. Mheshimiwa ni mdanganyifu, na amepewa lafudhi ya jamii moja. Waigizaji hawakusema kwamba jamii hiyo ni ya wadanganyifu, lakini igizo limesema. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, nchi yetu ilipata Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, ambayo inakataza matamshi ya chuki za kikabila. Sipendekezi uanze kwa kuwatisha wanafunzi kwa sheria. Anza kwa sababu ya kifasihi, ambayo wataielewa upesi: lafudhi imewapunguzia nguvu ya kejeli. Mtazamaji wa jamii nyingine atasema "hao ndio walivyo" na kumwacha mheshimiwa wa kwao atoroke. Mheshimiwa asiye na lafudhi ya mtu anaweza kuwa wa popote, na kila mtazamaji atamtafuta kwake.

Kigugumizi cha katibu ni kizito zaidi. Aristotle, katika Poetics, alisema kwamba kinachochekesha ni kasoro au ubaya fulani usioleta maumivu wala madhara. Sasa tuseme katika safu ya nne ameketi mwanafunzi mwenye kigugumizi. Yeye ndiye yule aliyeandikwa kwenye daftari kwamba hakucheka. Kesho asubuhi akiinua mkono darasani, wenzake watamwita katibu.

Usimezee jambo hili kwa sababu kicheko kilikuwa kikubwa, wala usiligeuze kuwa kesi ya nidhamu. Waeleze waigizaji kwamba katibu anachekwa kwa jambo asiloweza kulibadilisha, ilhali mheshimiwa anachekwa kwa jambo alilolichagua. Tashtiti hulenga la pili. Kisha wasaidie kukiokoa kicheko: katibu akwame, ndiyo, lakini akwamishwe na vyeo vya mheshimiwa. Kila akidhani amefika mwisho anageuza karatasi na kukuta kingine, mwenyekiti wa hiki, mlezi wa kile, mwanzilishi wa kile kingine, hadi anaomba maji. Sasa ukumbi utacheka palepale ulipokuwa ukicheka, ila anayechekwa ni mwenye vyeo.

UTANI UNAPOMGUSA MWALIMU

Naibu wa mwalimu mkuu alitajwa kuwa ametoa shilingi kumi. Hapa maoni ya kweli hupata kikwazo cha aina yake, kwa kuwa mhakiki mwenyewe yuko ndani ya kichekesho, au mkubwa wake yuko.

Katika malumbano ya utani, babu na mjukuu au mtu na shemeji yake hutaniana wakijua kanuni. Kila mmoja ana haki ya kujibu, na kukasirika ni kuonyesha kwamba hujui mila. Shuleni hakuna mkataba kama huo. Mwanafunzi hajui iwapo mwalimu ni mtani wake, na mwalimu hana namna ya kujibu ambayo haitageuka kuwa adhabu. Ndiyo sababu walimu wengi huangukia mojawapo ya mashimo mawili. Wengine huivisha hasira yao joho la uhakiki, wakasema kichekesho "hakina maadili" ilhali hawakukilalamikia chochote hadi jina lao lilipotajwa. Wengine hucheka kupita kiasi ili waonekane hawana makuu, kisha kundi likadhani limegundua dhahabu.

Njia ya haki ni kuuliza swali lile lile: je, mgeni angecheka? Jina la naibu pekee halimchekeshi mtu wa shule nyingine. Hilo likatwe, kwa sababu hiyo na si kwa sababu ya cheo. Lakini kama wangeigiza naibu yeyote anayezungukia mabweni usiku na tochi akikagua rangi ya soksi za watu waliolala, hicho kingeeleweka katika kila shule ya bweni nchini. Kama anayeguswa ni wewe, mwombe mwenzako ahakiki sehemu hiyo. Si vyema mshtakiwa awe hakimu, hata katika kichekesho.

Nikiwa hapo, neno fupi kuhusu mizaha ya kuazima. Wanafunzi huinakili kutoka kwenye runinga na simu, neno kwa neno, pamoja na kikohozi cha mchekeshaji. Iite kwa jina lake, kwamba ni nakala, na waambie mwamuzi huenda aliiona pia. Haihitaji maelezo zaidi ya hayo.

ANAYEPENDA LAKINI HACHEKESHI

Katika kila chama cha drama yuko mwanafunzi anayependa vichekesho kuliko wote, anayefika mazoezini wa kwanza, na ambaye akipanda jukwaani ukumbi hunyamaza. Mwalimu humwonea huruma na kumwambia kwamba watu hawakumwelewa, au kwamba hadhira ilikuwa imechoka. Kisha kundi la tamasha linapotangazwa, jina lake halimo. Anaujulia ukweli ubaoni, pamoja na shule nzima. Sijui ukatili unaouzidi huo, na unatendwa na watu wema.

Zungumza naye mapema, mkiwa wawili, si mara baada ya onyesho akiwa bado anatoka jasho, wala si baada ya juma zima. Jioni ya siku hiyo hiyo inafaa. Mwanzishe yeye kwanza: "Wewe mwenyewe ulionaje?" Mara nyingi ameshajua. Kisha mweleze kazi, usimweleze nafsi. "Wewe si mchekeshaji" ni hukumu juu ya mtoto wa miaka kumi na sita ambayo hakuna mwalimu aliye na ushahidi wa kutosha kuitoa. "Unaanza kucheka kabla ya kufika mwisho wa mzaha, kwa hivyo tunajua unakuja" ni jambo lililoonekana, naye anaweza kulifanyia mazoezi. Na ikiwa hatakuwa kwenye kundi mwaka huu, mwambie hivyo kwa maneno hayo, kabla ya orodha kubandikwa, na umweleze sababu. Usimpe cheo cha kumpooza, kama vile "msaidizi wa maleba", isipokuwa kama kundi linamhitaji msaidizi wa maleba kwa kweli. Wanafunzi hutambua upesi vyeo vya huruma.

Anaweza kulia. Mwache alie. Kesho yake akija mazoezini, mpe ule mstari wake aurudie.

KWA MTAHINIWA

Unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu (102/3) pengine unajiuliza haya yote yanakuhusu vipi. Yanakuhusu kwa sababu udhaifu wa mwalimu wa "mmejaribu" ndio udhaifu wa majibu mengi ya fasihi. Tuseme umeulizwa kuhakiki matumizi ya mbinu katika kichekesho cha harambee. Mtahiniwa mmoja ameandika: "Msanii ametumia kinaya, chuku na kejeli. Mbinu hizi zimefanya kichekesho kivutie." Ametaja mbinu tatu bila kuonyesha hata moja. Mwingine ameandika: "Kuna kinaya cha hali. Mheshimiwa anatarajiwa kuchangia zahanati lakini bahasha yake ina kadi ya kuwaomba wenyeji wamchangie yeye. Kinaya hiki kinakejeli viongozi wanaotoa ahadi hadharani bila nia ya kuzitimiza." Mbinu imetajwa, mahali pameonyeshwa, na kazi ya mbinu imeelezwa. Jibu hilo ni moja tu, ila mtahini ana pa kutia alama.

Vivyo hivyo katika maswali ya utafiti wa nyanjani. Ukiulizwa jinsi utakavyokusanya data kuhusu vichekesho katika jamii yako, usiishie kuorodhesha mahojiano, utazamaji na kurekodi. Eleza ni nini kila mbinu itakupa. Mahojiano na fanani yatakueleza alichokusudia. Kinasa sauti kitahifadhi kicheko cha hadhira na urefu wake, lakini hakitakuonyesha mto ulioteremka, wala mtu wa safu ya nne ambaye hakucheka. Kwa hao wawili utahitaji kuwepo mwenyewe, na daftari.